Nyumba Isiyo na Makali

Presha ya maji kichwani ilikuwa inamla Zuwena macho, na daktari akashauri mshipa wa ubongo utanuliwe kwa kibomba cha waya. Baadaye angemeza dawa za kuzuia damu isigande, na sheria ya mji wao ilikataza chochote chenye makali katika nyumba ya mgonjwa wa namna hiyo, asije akajikata akatoka damu isiyokoma. Zuwena alikuwa fundi cherehani.

"Na mkasi wako, Mama Rehani?" mumewe aliuliza.

"Watu wa serikali waje wauchukue. Kazi nitapata nyingine. Macho je?"

Wiki ya tatu baada ya kuwekewa kibomba, alimwona vizuri mumewe akimenya machungwa kwa kucha. Aliona pia damu iliyovilia mkononi mwake mwenyewe, pana kama kiganja, na hakukumbuka kujigonga popote. Akashusha mkono wa gauni, akaketi kumsaidia.