Mjane Chini ya Ukuta

Mwanamke aliyevaa nyeusi tupu alipita getini kabla mlinzi hajamaliza kumwuliza aendako. Akaenda moja kwa moja hadi chini ya ukuta uliokuwa ukibomolewa, pale pale vipande vya matofali vilipokuwa vikidondoka, akasimama na kugoma kusogea.

Juu, wabomoaji walishusha nyundo. Hakuna hata mmoja aliyefunga mkanda wa usalama. Yule wa juu kabisa aligeuza uso pembeni.

Msimamizi alikuja mbio, na kofia ngumu kichwani, kofia ya pekee katika eneo zima la kazi. "Mama, toka hapo. Utaumia."

"Kumbe unajua hapa watu huumia."

Akayamwaga yote yaliyomjaa kifuani, kwa sauti iliyofika barabarani. Mumewe alikuwa mbomoaji, alisema. Walimpandisha ukuta kama huu mikono mitupu, na siku alipoomba mkanda wakamwonyesha geti. Wapita njia wakaanza kujaa, simu zikainuliwa.

Msimamizi akanywea. Akampa pole, kisha akauliza kwa upole marehemu alianguka lini.

Swali hilo likamchokoza mwanamke zaidi. "Unataka tarehe ndipo ufungue stoo ya mikanda?"

Stoo ikafunguliwa. Mikanda ilikuwemo, mipya, ingali ndani ya nailoni, vumbi limeilalia. Mwanamke alipoiona, hasira ilimkaba hadi akatokwa na machozi ambayo hakuyapanga. Alimtazama msimamizi kama mtu anayetafuta pa kumng'ata.

Msimamizi akawaita watu wake washuke. Ukuta ukategemezwa kwa magogo. Kofia zikagawiwa, mikanda ikafungwa, kamba zikakazwa kwenye nguzo ya zege. Mwanamke hakubanduka. Mbomoaji wa juu kabisa alipofungwa wa mwisho, mwanamke akaishika kamba yake kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zote, akiijaribu. Ikashika. Akaondoka bila kumuaga mtu.

Jioni alikuwa jikoni kwake, amekwisha vua nguo nyeusi, mlango uliposukumwa. Mbomoaji wa juu kabisa aliingia, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi kuvua viatu.

"Mke wangu," alisema, "leo umenizika vizuri."