Nguo Nyeupe ya Bi Mwanakombo

Shamimu alikuwa na mwiko mmoja katika kazi yake ya kupiga filamu: haionyeshwi popote kabla waliomo hawajaitazama. Basi alasiri ile wanawake waponda kokoto aliowapiga filamu walijaa ghalani, madirisha yamezibwa kwa magunia, na kumbe turubai la kuonyeshea limechanika njiani.

Bi Mwanakombo, mkongwe wao, alikwenda kwake akarudi na nguo nyeupe iliyokunjwa. Shamimu alipoikunjua ikanukia karafuu maiti.

"Bibi, hii si sanda?"

"Ni sanda yangu, mwanangu. Mwaka wa tisa iko sandukuni. Itundike."

"Siwezi, Bibi."

"Utaweza. Nitalala humo siku nyingi. Leo acha nisimame kwanza."

Filamu ikaanza. Bi Mwanakombo akatokea juu ya sanda yake, mrefu kuliko mlango, nyundo mkononi, anacheka. Shamimu akamwona bibi mwenyewe akiinuka, akiisogelea nguo, akigusa ule mkono wa mwanga ulioshika nyundo. Upepo ukaingia mlangoni, na nguo ikapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu.