Kipimo cha Mwisho cha Subira

Kila siku ya kliniki Mshamu aliishia getini, akimwacha mkewe aingie peke yake na mtoto. Yeye na mkewe walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI na dawa walimeza, ila Mshamu aliona haya kuketi kwenye benchi lililojaa kina mama. Leo mkewe aliamka na homa, na majibu ya kipimo cha mwisho cha mtoto yalikuwa tayari. Mshamu akambeba Subira mgongoni kwa kanga, akapita sokoni wanaume wakimcheka, akaingia.

"Mama Subira yuko wapi?" muuguzi aliuliza.

"Anaumwa, dada. Niambie mimi."

"Basi pumua kwanza, baba. Mtoto hana virusi. Dawa zimemkinga."

Mshamu aliinamisha kichwa kushukuru. Kina mama wakamsogezea nafasi, akaketi katikati yao, machozi yakimtiririka wala asiyafute. Kisha akampigia mkewe simu.

"Mama Subira, mtoto wetu mzima. Hana kitu."

Simuni kikasikika kigelegele, kikakatizwa na kikohozi, kikaanza upya kwa nguvu zaidi.