Udhia

Mwaka ule sabuni ilikuwa imepotea Pangani nzima. Mwanaima alirudi mikono mitupu kutoka foleni ya duka la ushirika, na hata baibui hajavua, mama yake akaita tena kutoka kitandani.

"Mwanaima! Mwanangu, hebu njoo!"

"Mama, unaniudhi sasa!"

Chumbani kukawa kimya. Mwanaima akaona afadhali, akakaa uani kupumzika.

Ndipo aliposikia kishindo.

Alimkuta mama yake sakafuni karibu na mtungi. Alikuwa amejiburura mpaka pale, kata imemponyoka, kanga imelowa na kuganda kwenye miguu iliyopooza.

"Mbona hukuniita, mama?"

"Kiu tu ilinishika," mama akasema, akijaribu kutabasamu. "Sikutaka kukuudhi, mwanangu. Umechoka."

Mwanaima akambeba, akamlaza, akamnywesha maji, akamwomba radhi huku analia. Mama akamwambia yamekwisha.

Lakini hakumwita tena. Mpaka Mungu alipomchukua mama, Mwanaima alikuwa akiacha chungu motoni, akaja kusimama mlangoni atege sikio, na mama yake, midomo imemkauka, akimtazama tu na kunyamaza.