Kishikwambi Chini ya Kanga

“Zima kwanza hicho kidude,” sauti ya bibi ilisikika kwenye spika za ukumbi wa chuo, na bibi mwenyewe, aliyeketi mstari wa mbele, akaacha kujipepea.

Siku ile sauti hiyo iliporekodiwa, nyumbani kwake Kariakoo, mjukuu wake alijibu, “Nimezima, bibi,” akakilaza kishikwambi cha chuo juu ya mkeka. Bibi akakifunika kwa pindo la kanga yake, kama afunikavyo chakula kisituliwe na nzi.

Sasa ukumbi ulijaa wanafunzi wa historia na wazee walioalikwa. Kando ya bibi alikaa Sarla wa Upanga, shoga yake wa miaka hamsini, ameushika mkono wake.

“Hili usiliandike,” sauti iliendelea. “Sarla alipokwenda Nairobi kuuguza, aliniachia bangili za marehemu mama yake. Aliporudi nikamwambia tumevunjiwa nyumba, zimeibiwa. Alilia, nikalia naye. Ndizo hizi. Vaa wewe, mimi nimezeeka.”

Bibi alimtazama mjukuu, aliyesimama pale mbele na kishikwambi mkononi. Asubuhi hiyo alimpigia pasi gauni lile la mikono mirefu.

“Si uliniambia umezima,” alisema kwa sauti ndogo.

Mjukuu aliweka kishikwambi mezani, akakunja mikono ya gauni, akaja hadi mbele ya Sarla huku akizivua bangili moja moja.

Ya mwisho ilimkwama kwenye kidole gumba, na Sarla akauachia mkono wa bibi ili amsaidie kuitoa.