Uso wa Kuazima

Mchongaji alipokosa hata picha moja ya vijana wa mji waliofia vitani, aliazima uso wa Chande, mwoka mikate. Tangu sanamu ile isimame kando ya mto, kina mama waliofiwa hawakumpa nafasi ya kupumua. Walimpapasa mashavu sokoni. Walimkataza kunenepa.

Leo Chande alikuwa anahama. Mkewe, Mwanaiba, alishapanda pantoni na godoro lao. Yeye alikuwa anainua sanduku la mwisho pale Bi Mwanakheri, mmoja wa kina mama hao, alipomfikia na bakuli la maji, sabuni na wembe.

"Ndevu za nini hizi? Kombo wangu hakuwa na ndevu."

"Mama, mimi si Kombo."

"Najua, sijawa kichaa. Kaa."

"Chande, panda!" Mwanaiba alipiga kelele. "Mwambie uso ni wako!"

Chande alitaka kusema hivyo hivyo. Alizifuga ndevu hizo miezi mitatu ili aondoke akiwa mtu mwingine. Lakini bibi alikuwa ameshapiga magoti kwenye matope, na Chande akajikuta ameketi juu ya sanduku.

Wembe ulishuka taratibu. Shavu moja lilipokuwa safi, Bi Mwanakheri aliliegemeza lake hapo, akafumba macho.

Pantoni ikapiga honi. Kamba zikafunguliwa. Mwanaiba alinyoosha mkono juu ya maji yaliyokuwa yakiongezeka kati yao, na Chande, shavu moja safi, la pili bado lina ndevu na povu, hakuthubutu kugeuza shingo.