Jeneza la Dereva

"Msamehe, mwanangu," mama alisema mlangoni pa karakana. "Yesu aliwasamehe hata waliomtundika."

Seremala hakuacha kupiga randa. Kanisa alishaliacha, siku hizi alisoma wanafalsafa wa kale wa Kiyunani.

"Anayesamehe ni mwenye hasira, mama. Mimi sina. Wale wazee walifundisha kwamba lisilo mikononi mwako lisikusumbue. Maji yakimwagika hayazoleki."

Dereva aliyemgonga na kumuua mtoto wa seremala mwaka jana alikuwa amekufa, na ndugu zake walikuwa wameleta oda ya jeneza hapo hapo karakanani. Alikuwa ameipokea bila kupepesa macho.

Akapigilia msumari wa mwisho, akapuliza vumbi la mbao. "Umeona? Hata mkono haujatetemeka."

Mama akalisogelea jeneza. Akaweka kiganja kimoja kichwani pake na kingine miguuni, bila hata kujinyoosha. Dereva yule alikuwa pande la mtu, akiinama kila mlangoni.

Seremala akageukia ukutani. Kipimo cha dereva kilikuwepo, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "hili ulishalitengeneza mwaka jana."